Herufi za Mukuba

Fundi wa mukuba, yaani shaba, akiletewa jina MUTOMBO aliandike kwenye kibao, ni herufi moja tu itakayomtia mashaka, nayo ni B. M, U, T na O ukizitazama kwa mbele au kwa nyuma ni zilezile. Akiletewa NGOY, ana mbili za kuangalia. Akiletewa ILUNGA, ana tatu. Hesabu hii haimhusu mchoraji wa mabango ya brashi, wala kijana wa duka la kuchapa maturubai. Inamhusu yule anayefanya kazi kwenye mgongo wa bamba, anayeisukuma shaba kwa nyundo mpaka itokeze upande wa pili, na ambaye kwa hiyo hana budi kuandika kinyume: kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa.

Kibao cha herufi za kuinuka ni tawi moja la ufundi wa shaba ya kufuliwa, ufundi unaojulikana Katanga nzima, nchini Kongo, kuanzia Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi. Tawi lenye sifa zaidi ni la picha: wanawake wakitwanga, tembo, mitumbwi, nyuso za wazee, misalaba ya kale ya shaba, vyote vimefuliwa kwenye bamba jembamba vikatundikwa sebuleni, au vikabebwa na wageni pamoja na vito vya malakiti. Vibao havina wanunuzi wa namna hiyo. Hakuna msafiri atakayenunua kibao chenye jina la wakili asiyemjua. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni kazi ipi ya shaba inayoustahili mji wa Kolwezi, sitataja picha. Nitataja vibao, na sababu yake inaanzia kwenye barabara zinazotoka mjini humo.

Mwaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikiwa ya pili duniani baada ya Chile. Sehemu kubwa ya mzigo huo imetoka mkoa wa Lualaba, ambao makao makuu yake ni Kolwezi, kwenye migodi yake: Kamoto, Mutanda, Tenke na Fungurume, Kamoa na Kakula. Huondoka hasa ikiwa kathodi, yaani mabamba mazito yenye upana wa karibu mita moja, yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma na kupangwa juu ya malori. Malori hupita Kasumbalesa na kuingia Zambia, kisha Dar es Salaam, Beira au Durban. Mabamba mengine hupakiwa kwenye reli ya Benguela kuelekea bandari ya Lobito. Juu ya furushi huwa pana alama ya kampuni na namba. Hayo ndiyo maandishi pekee ambayo shaba nyingi ya Lualaba hupata kuyabeba ikiwa bado kwenye ardhi ya Lualaba.

Ile inayobaki mjini ni kidogo mno, na nyingi kati ya hiyo imejificha ndani ya kuta na mashine: nyaya, koili, mabomba. Shaba inayoonekana kwa macho, iliyobandikwa mlangoni na kubeba jina la mtu wa hapo, ni hiki kibao. Ndiyo maana nakichukulia kwa uzito.

Shaba ya Katanga haikuanza kusafiri na reli, tena zamani haikuondoka bila kuacha alama nyumbani. Kwenye bonde la Upemba, mto Lualaba unapoteremka kuelekea kaskazini na kujaza maziwa kama Kisale, wanaakiolojia walichimba makaburi ya Sanga kuanzia mwaka 1957, wakakuta wafu wamezikwa na misalaba ya shaba. Misalaba hiyo ilitumika karne nyingi. Ile ya zamani zaidi ni mikubwa na huonekana kama mali ya heshima. Baadaye ikawa midogo, ya ukubwa unaofanana, na mingi, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa imekuwa fedha ya kununulia. Ilisubiwa kwenye kalibu za wazi: shaba iliyoyeyuka ikamiminwa, upande wa juu ukaachwa hewani. Mingi ya ile mikubwa iliyotufikia ina mgongo ulioinuka unaofuata kila mkono wa msalaba. Mhunzi aliyechora mfuo kwenye kalibu ili mgongo huo utokeze alikuwa tayari ameshaijua kanuni ya kibao cha leo: unachokichimba upande mmoja ndicho kitakachosimama upande mwingine.

Katanga ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera, na mwaka uliofuata msalaba huohuo ukapigwa kwenye sarafu. Serikali ile haikudumu hata miaka mitatu. Msalaba umedumu, na hadi leo mafundi wa shaba huufua kila siku, wengine wakiwa hawajui kwamba ulikuwa pesa.

Msomaji wa Tabora au Kahama ana sehemu yake katika habari hii. Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi, na watu wake ndio Bayeke. Bunkeya iko ndani ya mkoa wa Lualaba wa leo. Bayeke walikuta wenyeji, Basanga wakiwamo, wana utaalamu wa kale wa kuyeyusha mawe ya kijani ya malakiti kwa makaa na mivukuto, wakauendeleza na kuifanya shaba kuwa bidhaa ya biashara ndefu, ikiwamo shaba ya waya iliyovutwa kwa mikono na kugeuzwa vikuku. Kazi ya tanuri ilifanywa kiangazi, ikasimamiwa na wazee wenye miiko yake. Mwaka 1926 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maelezo ya wayeyushaji hao chini ya jina walilojulikana nalo, walaji wa shaba. Wakati huo kampuni ya migodi Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kuichukua milima yao, na tanuri za udongo zilikuwa zimezimwa.

Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kama mji wa kampuni hiyo. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali na shule, na ikafundisha wafanyakazi wake ufundi wa vyuma: kuchomelea, kukereza, kufunga mitambo. Baada ya kutaifishwa ikawa Gécamines, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kisha ikaporomoka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka, na miaka iliyofuata uzalishaji ulishuka hadi ukawa sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka Gécamines kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Miji ya Katanga ikajaa watu wa makamo wenye tupa, nyundo na maarifa, wasio na mwajiri. Ufundi wa mikono katika miji hii, wa shaba ukiwamo, hauwezi kueleweka bila kizazi hicho.

Sasa tuingie kazini, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Bamba linalofaa ni jembamba, chini ya milimita moja. Likiwa nene zaidi, nyundo itachosha mkono kabla herufi haijainuka; likiwa jembamba mno, litapasuka. Jambo la kwanza ni moto. Bamba hupashwa mpaka lianze kuwa jekundu hafifu, wekundu unaoonekana vizuri kivulini kuliko juani, kisha hutumbukizwa kwenye maji. Mtu aliyezoea chuma cha pua hushangaa hapa, kwa sababu chuma ukikizamisha kikiwa chekundu kinakuwa kigumu, ilhali shaba inabaki laini, hata mkono unaweza kuikunja. Kinachoikaza shaba ni nyundo. Kila pigo huisogeza na kuifanya ngumu zaidi, mpaka inafika mahali haikubali tena kusogea, na ukilazimisha inachanika. Fundi mzoefu hujua kwa sikio: mlio wa bamba laini ni mfu, mlio wa bamba lililokaza ni mkali. Mlio ukibadilika, kazi husimama na bamba hurudi motoni. Kibao kimoja chenye herufi za kimo kizuri huweza kurudi motoni mara kadhaa.

Bamba haliwezi kufanyiwa kazi hii juu ya fuawe, kwa sababu fuawe haiipi shaba mahali pa kwenda. Huhitaji kitanda kinachobonyea lakini kinachoshika. Kitanda cha jadi katika ufundi huu duniani kote ni lami iliyochanganywa na unga wa matofali na mafuta kidogo: ikipashwa inalainika na kulikumbatia bamba, ikipoa inalishika. Wengine hutumia mfuko wa mchanga, kipande cha mpira mnene wa gurudumu, au gogo la mti laini. Patasi zake hazina makali. Ni vipande vya nondo au vyuma chakavu vya magari ambavyo fundi amevikata mwenyewe, akazipiga tupa ncha zake mpaka zikawa butu, akazisugua zing'ae. Nyingine ina ncha ya mviringo, nyingine ndefu na bapa kwa mistari iliyonyooka, nyingine iliyopinda kidogo kwa tumbo la S na C. Sanduku la patasi hizi ndilo mtaji wa fundi. Haziuzwi dukani, na mwanafunzi huanza kwa kujitengenezea zake.

Uandishi wa kinyume una njia yake. Fundi huandika jina kwenye karatasi nyembamba kama kawaida, huigeuza karatasi uso chini juu ya mgongo wa bamba, na kupitisha kalamu juu ya mistari inayoonekana kwa nyuma. Hapo kazi ya kugeuza imefanywa na karatasi. Lakini mistari hiyo hufutika bamba linaporudi motoni mara ya kwanza, na kutoka hapo ni jicho lake tu. Herufi za hatari ni N na S. E ikigeuzwa inapiga kelele, mtu yeyote anaiona. N na S zikigeuzwa zinafanana sana na zenyewe, na mkono uliochoka unaweza kuzirudisha kwenye mwelekeo uliozizoea. Kosa la namna hiyo halionekani mpaka bamba limegeuzwa, na kulifuta ni kulirudisha bamba motoni na kulifua liwe tambarare tena, likiwa jembamba kuliko lilivyokuwa.

Kwa mgongo herufi huinuliwa polepole, mistari yote kwa pamoja, kamwe si herufi moja hadi ikamilike. Shaba ya herufi ya mwinuko haitoki popote pengine ila kwenye bamba lenyewe. Inavutwa, na inapovutwa hukonda. Pembe ndizo zinazokonda zaidi. Ndiyo sababu herufi za shaba ya kufuliwa zina mabega ya duara kidogo na hazina zile ncha kali za herufi za kuchapwa. Anayetaka ncha kali atapata nyufa kwenye kona za E. Baada ya mgongo, bamba hugeuzwa, na fundi hufanya kazi ya usoni: huushusha uwanja unaozunguka herufi, hupitisha patasi bapa kwenye mguu wa kila herufi ili mpaka wake uonekane, kisha huujaza uwanja vitone vidogo vya patasi yenye ncha. Vitone hivyo vina kazi yake. Uwanja wenye vitone haurudishi mwanga kwa namna moja, na herufi laini iliyo katikati yake hung'aa peke yake.

Kuna fundi asiyetaka habari ya kuandika kinyume. Yeye hufanya kazi yote usoni: huacha herufi kama zilivyo na kuuzamisha uwanja wote unaozizunguka, huku ukingo wa kibao nao ukiachwa juu. Herufi za namna hii hukaa ndani ya fremu, kimo chake sawa na kimo cha ukingo, na hazipigwi na chochote kinachopita. Kazi ni ndefu, maana uwanja ni mkubwa kuliko herufi, lakini bamba halikondi sana na pembe huweza kuwa kali zaidi. Kwa kibao cha mlango wa ofisi, ningechagua hiki. Kwa jina kubwa la ukutani linalosomwa kutoka barabarani, ningechagua kile cha kwanza.

Kisha yapo mambo madogo ambayo mteja hayaoni, nayo ndiyo yanayotofautisha kibao cha miaka 3 na cha miaka 30. Herufi iliyoinuliwa ina uwazi nyuma yake. Mtu akiibonyeza kwa kidole au mtoto akiigonga na mpira, inabonyea. Kwa hiyo tumbo la kila herufi hujazwa, kwa lami, au kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, kabla ya bamba kupachikwa kwenye ubao. Misumari nayo isiwe ya chuma cha kawaida. Chuma na shaba vikikutana penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, na mvua za Kolwezi, kuanzia Novemba hadi Aprili, zina unyevu wa kutosha. Msumari utaoza, kutu itateremka usoni mwa kibao, na siku moja bamba litaanguka. Skrubu za shaba, nyekundu au ya manjano, ndizo zinazofaa, na kichwa chake kidogo kinaweza kupangwa kikawa sehemu ya nakshi ya ukingo.

Mwishoni ni rangi, ambayo si rangi ya kupaka. Bamba husuguliwa likawa safi, hupakwa dawa yenye salfa inayoligeuza kuwa la kahawia hadi jeusi, kisha migongo ya herufi husuguliwa tena kwa msasa laini mpaka wekundu wa shaba urudi juu, weusi ukibaki mabondeni. Vanishi huzuia isigeuke zaidi. Anayeacha bila vanishi atapata kahawia, na baada ya miaka mingi ya mvua, kijani. Wengine hupenda hivyo.

Mtu anaweza kuuliza, kuna haja gani ya taabu yote hii ilhali turubai lenye picha na herufi za rangi zote huchapwa kwa saa moja na kutundikwa kabla ya chakula cha mchana? Jibu liko kwenye jua. Herufi ya kuchapwa huonekana kwa rangi yake, na jua la kiangazi huila rangi. Herufi ya mwinuko huonekana kwa kivuli chake. Jua la asubuhi au la jioni linapoipiga kwa ubavu, upande mmoja wa kila herufi hung'aa na mwingine huingia gizani, na jina husomeka hata kama kibao kizima kimekuwa cha rangi moja. Vumbi jekundu la Kolwezi, ambalo kiangazi huziba kila kitu, hulala kwenye uwanja na kuziacha herufi juu. Upanguse kwa kitambaa na jina limerudi. Umeme ukikatika, bango la taa hunyamaza, kibao hakijui habari hiyo. Na yuko msomaji ambaye wenye maturubai hawakumfikiria kabisa: asiyeona, anayeweza kupitisha kidole kwenye mlango wa zahanati na kujua amefika.

Watu wa pwani walilijua hili zamani. Kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe yakiwa yameinuka juu ya uwanja wake, na bado yanasomeka. Rangi yoyote ya zama hizo ingekuwa imekwisha. Majirani wa Zambia nao walipojenga bunge lao Lusaka, lililofunguliwa mwaka 1967, waliona ni jambo la kawaida kulivika shaba jengo kuu la taifa la shaba. Ukizunguka Kolwezi ukitafuta jengo la umma linalotangaza kwa shaba kwamba uko kwenye mji wa shaba, utatembea sana.

Nchi na mkoa wa mji huu vimebadilishiwa majina mara nyingi. Mtu aliyezaliwa hapo mwaka 1955 alizaliwa Kongo ya Wabelgiji, akaenda shule katika Katanga iliyojitenga, akawa kijana katika nchi iliyoitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971, katika mkoa ambao nao uliitwa Shaba. Mwaka 1972, kwa sera ya Rais Mobutu ya kurudi kwenye asili, majina ya Kikristo yalikatazwa, na kila kibao cha daktari au mwalimu chenye Joseph au Marie kikawa kibao cha kubadilishwa. Mwaka 1997 Zaire ikawa tena Kongo na Shaba ikawa tena Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa, na Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Kila mara mabango yalishushwa na mengine kupandishwa. Mwenye kibao cha shaba alikuwa na njia ambayo mwenye cha mbao au cha plastiki hakuwa nayo: bamba lilelile huweza kulainishwa kwa moto, kufuliwa likawa tambarare na kuandikwa upya. Sijui nyenzo nyingine ya uandishi inayofaa zaidi kwa nchi ambayo jina lake hubadilika na watu wake hubaki.

Maandishi ya muda nayo yamejaa Kolwezi. Kwenye vituo vya kununulia madini, kama vile Musompo nje ya mji, bei za kobalti na shaba huandikwa kwa mkono kwenye vibao kulingana na asilimia ya madini kwenye jiwe, na hufutwa na kuandikwa tena kadiri soko linavyotaka. Mchimbaji aliyetoka shimoni na gunia lake hutazama namba hizo kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye malango ya migodi mikubwa kuna Kifaransa, mara nyingi na maandishi ya Kichina kando yake. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya sokoni, ya ibada, ya ugomvi na ya mapatano katika mji mzima, hukipati kwa urahisi kwenye kibao rasmi. Ningependa kukiona huko, kimefuliwa, mlangoni pa kila ofisi ambayo mwananchi anaingia akiwa na shida.

Kikwazo kikubwa cha ufundi huu ni bamba. Kuna ugumu unaouma kidogo: katika mkoa unaosafirisha shaba kwa malori mchana na usiku, fundi anaweza kukosa kilo moja ya bamba jembamba. Kathodi haigeuki bamba la kufulia bila kuyeyushwa na kupitishwa kwenye kinu cha kubamiza. Lubumbashi ilikuwa na kiwanda cha kazi hiyo, LATRECA, ambacho jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa ya kubamiza mabamba, kuvuta waya na kusuka nyaya. Lakini nchi ilijengwa juu ya kusafirisha shaba ghafi, si kuigeuza kuwa kitu. Kwa hiyo fundi hutegemea bamba lililoagizwa au chakavu: matangi ya zamani ya maji moto, vipande vya mitambo, mabamba ya umeme yaliyotupwa. Nyaya hazimsaidii sana, kwa kuwa waya hauwi bamba bila tanuri na kinu. Tena nyaya zina balaa lake. Wanaozichoma ili kuondoa plastiki huvuta moshi wa sumu, na nyingine zimeibwa kwenye nguzo, zikauacha mtaa mzima gizani. Fundi mwenye kujiheshimu lazima aulize shaba yake imetoka wapi. Na akimaliza kibao, lazima amshauri mteja akipachike vizuri, kwa sababu chenye thamani ya chakavu huwindwa na wauza chakavu.

Hebu tupige hesabu. Kibao cha sentimita 60 kwa 30, cha unene wa milimita 0.6, kina uzito wa karibu kilo moja ya shaba. Tani moja inatoa vibao kama elfu moja. Lori moja la tani 30 linatosha vibao elfu thelathini, idadi ambayo Kolwezi pengine haitaihitaji kwa miaka mingi, hata ikiandika kila shule, zahanati, kanisa, msikiti, mtaa na ofisi.

Sheria haikosekani. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni za migodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na kuandikiana na jamii hizo mkataba wa mambo watakayotekeleza. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu kazi ndogo za kandarasi inataka kazi hizo zipewe kampuni zenye mtaji wa Wakongo. Kutokana na fedha hizo shule na zahanati zinajengwa, na kila moja inahitaji jina mlangoni. Jina hilo linaweza kuandikwa kwenye turubai litakalopauka, au linaweza kufuliwa na vijana wa mji huohuo kwa shaba ya mkoa huohuo, mkataba ukieleza tangu mwanzo kwamba kampuni italeta pia mabamba: kilo mia chache kwa mwaka, zilizobamizwa, zenye hati ya kuonyesha zilikotoka, zikakabidhiwa kwa karakana na shule za ufundi. Mafundi waliofundishwa na Gécamines wengi wamezeeka, na baadhi wamekwisha kutangulia. Waliobaki bado wanaweza kumfundisha kijana kutengeneza patasi zake za kwanza, kusikiliza mlio wa bamba, na kuandika S kinyume bila kutazama karatasi. Lakini hawawezi kumfundisha kwa bamba ambalo halipo. Wakati wa kulidai ni pale mikataba hiyo inapojadiliwa na wawakilishi wa jamii, na katika vikao hivyo mafundi wa shaba wanastahili kuwa na kiti chao.